Kaimu wa Alhamisi

Enzi hizo kila mtu aliruhusiwa kutuma kaimu, mashine yenye sura na sauti yake, kwenye shughuli asizozitaka, na kumuuliza mgeni kama ni kaimu ulikuwa utovu wa adabu. Kwa hiyo Mama Tumsifu hakuwahi kumuuliza Linh, mwanafunzi kutoka Vietnam aliyekuja kwake kila Alhamisi kusoma Biblia. Chapati alizompikia alizifunga kwenye leso, Linh akale bwenini. Walipofika kwenye kisa cha msalaba, mgeni alilia.

Jumatano moja wakakutana sokoni. Linh alimkodolea macho kama hamjui, kisha akainamisha kichwa.

"Wewe ndiye mama wa Biblia. Nisamehe, mama. Uliponialika niliona haya kukukatalia, nikawa natuma kaimu. Ila chapati zako nilizila zote."

"Na yale machozi?"

"Machozi gani, mama?"

Mama Tumsifu alirudi na kikapu kitupu. Mwaka mzima alikuwa akiombea sanamu.

Kesho yake hakukanda unga. Hodi ilipopigwa, alifungua ili amfukuze.

"Linh amenikataza kuja," kaimu alisema, Biblia kifuani. "Leo sikutumwa na mtu. Mama, nataka kubatizwa."