Seva ya Pili

Maimuna aliingia chumba cha mitambo kuizima seva aliyoiunda kwa mikono yake. Asubuhi ile kikaoni Hemedi, mwenzake wa meza moja, alikuwa amemwambia mkurugenzi kwa sauti ya huruma, "Ya Maimuna haina nguvu, bosi. Ya kwangu ndiyo inayobeba wateja wote." Mkurugenzi akaagiza ya Maimuna izimwe.

Aliigusa seva ya Hemedi, akauondoa mkono upesi. Ilichoma kama sufuria. Akaigusa yake. Ilikuwa baridi kama mtungi. Mkono ukabaki pale pale. Mashine iliyozidiwa na kazi ingekuwa ya moto. Hii haikuwahi kupewa kazi.

Akakaa kwenye kompyuta, akafungua mipangilio ya kuwagawa wateja kati ya seva hizo mbili. Hemedi ndiye aliyeiomba kazi hiyo: "Niachie mimi, dada, umeshachoka." Fungu la seva ya Hemedi, asilimia mia. Fungu la seva ya Maimuna, sifuri.

Mlango ukafunguka. Hemedi aliingia na chapati moja, akaikata katikati kama walivyozoea kila siku, akapima vipande kwa macho, kisha akamnyooshea kile kikubwa.

"Kula, dada. Usijitie unyonge."

Maimuna hakugeuka. Alifuta mia na sifuri, akaandika hamsini kwa hamsini, akahifadhi. Kwenye kona, feni ya seva ya pili, ile iliyokuwa baridi, ikaanza kuvuma, taratibu, kisha kwa nguvu.

Hemedi aligeuza shingo kuisikiliza, mkono wake wenye chapati ukiwa bado umenyooka.