Sauti ya Sikioni

Sheria ilikuwa hiyo: ukiasili mtoto kutoka ng'ambo, mwaka mzima wa mafunzo utavaa kidude sikioni kikuelekeze namna ya kumlea. Atupele alikipenda chake. Mtoto aliyemwasili, Danilo, alipogoma kula, kilimnong'oneza kwa Kiswahili safi cha mashine, "Upoze uji, utie chumvi kidogo." Danilo akala hadi akalamba kijiko.

"Hii mashine imeyajuaje yote haya?" Atupele alimwuliza mwalimu wa mafunzo, aliyekuja kumtembelea.

"Imefundishwa, dada. Mama yake Danilo alishafariki, mtoto huyu ana wewe tu," alijibu mwalimu, akajiongezea wali.

Jumamosi moja, akiogeshwa kwenye beseni, Danilo alimrushia Atupele povu usoni, akacheka, akamwita kwa mara ya kwanza, "Mama!"

Kabla Atupele hajaitika, kidude kiliangua kilio. Kilikuwa kilio cha mwanamke.

Atupele alielewa huyo ni nani. Yule mwalimu alikula mezani pake, akamtazama usoni, akamzika kwa maneno mama aliye hai.

"Dada," Atupele alinong'ona, "wewe walikuambia nini?"

Sauti ilivuta kamasi, ikajibu.

"Kwamba mafunzo yakiisha, utanirudishia mwanangu."

Maji yalikuwa yanapoa. Danilo alinyoosha mikono abebwe.