Tangi la Kupozea Soda

Uliwaona wale samaki kwenye tangi la kioo mkahawani, ukageuza kiti na kuendelea kula pilau. Zamzam, mwenye mkahawa, naye aligeuka. Samaki mpya wa njano alikuwa na madoa meupe kama punje za chumvi, na wenzake wa zamani walishaanza kujikuna kwenye mawe.

"Dada, huyu mgeni si alipaswa kutengwa kwanza, atiwe dawa?" mpishi Mwanakheri aliuliza.

"Lile tangi la kutengea napozea soda."

"Sawa. Wateja wanywe baridi, samaki wafe."

Zamzam alishindwa kumtazama. Aliingiza mkono kwenye barafu ya lile tangi, akatoa chupa moja, akasimama nayo ikimdondoshea maji miguuni.

Dawa ipo rafuni. Wewe uliyeshiba pilau, inuka ukatoe chupa zilizobaki, samaki wapate pa kutibiwa, sasa hivi.