Mstari wa Crispin

Maneno yalianzia mtoni, kwa wanawake waliokuwa wakifua: mstari wa mahindi usipoota kwa Bibi Ikupa, mwenye jina haoni mavuno.

Juliana alicheka kwa sababu wenzake walicheka. Lakini alipojitwika ndoo, maneno yalipanda naye mlima. Akipika, yamo. Akisali rozari, yamo.

Bibi Ikupa alikuwa Mnyakyusa, mjane, peke yake kati ya Wahehe wa vilima vile vya karibu na Tosamaganga. Kihehe kilimshinda, basi na watoto alisema Kiswahili, na watoto walimpenda. Mvua za mwaka 1956 zilipoanza, aliwakatia kipande cha shamba lake. Kila mtoto mstari wake, na kijiti chenye jina lake. Mbegu alipewa na Bwana Shamba: mahindi mekundu, utadhani yamepakwa rangi.

"Bibi, mbona mekundu?" aliuliza Rozalia, binti wa Juliana, ambaye hata meno ya mbele yalikuwa hayajarudi.

"Yana dawa, mwanangu. Ugonjwa hauyagusi. Ukimaliza, nawa mikono."

Rozalia akapanda mstari wake. Kisha akakinga kiganja tena.

"Na za mdogo wangu Crispin. Yeye anakohoa, hawezi kuja."

Bibi akamjaza viganja vyote viwili. "Haya, dada mtu. Muote pamoja." Rozalia akachomeka kijiti cha Crispin kando ya chake.

Mahindi yalipoanza kuchungulia, watoto walilala kifudifudi kwenye tope wasikose hata moja.

"Yangu imetoa kidole!"

"Yako kidole, yangu mkuki!"

"Tazameni ya Yotamu, imetoka na kofia ya udongo!"

Juliana, aliyekuwa akipita na kuni, alisimama akatabasamu. Halafu akaona mstari mmoja mtupu.

"Mstari wa Crispin umelala kama mwenyewe!" alipayuka Yotamu, na wenzake wakacheka.

Rozalia hakucheka. "Atapona," alisema. "Mtaona."

Nyumbani, Crispin hakuwa tena na kikohozi tu. Alitapika. Mikono ilimtetemeka kama ya mzee. Juliana akitaka kuinuka, Rozalia alimzuia.

"Kaa, mama. Umechoka. Uji nitampikia mimi."

Akatwanga, akakoroga, akaupuliza ule uji wa ulezi, akamlisha mdogo wake mpaka bakuli likawa tupu. Kisha akanawa mikono. Juliana alimshukuru Mungu kwa binti wa namna ile.

Mchana wa Jumamosi degedege lilimshika mtoto. Macho yakageuka, meno yakafungana, povu likamtoka. Mume wa Juliana alikuwa safarini Mbeya. Juliana akatoka uani akapiga yowe. Kasian, shemeji yake, alifika wa kwanza, panga mkononi, maana alikuwa akikata majani ya ng'ombe. Wanaume wengine wakamfuata.

"Nani?" aliuliza Kasian.

Hakuuliza nini. Juliana angeweza kusema sijui.

"Ikupa," alisema. "Mstari wa mtoto haujaota."

Walimkuta bibi amepiga magoti, anapalilia miche ya watoto.

"Mchawi we! Umemzika mtoto wa kaka yangu!"

"Nani amezikwa, baba? Mimi nimepanda mahindi tu."

Rungu la kwanza lilivunja mkono alioinua kujikinga. La pili likampasua mdomo. Akaanguka juu ya miche, na mtu akamkanyaga mgongoni.

"Fukua!" Kasian alimvuta kwa nguo mpaka kwenye kijiti cha Crispin. "Fukua ulichofukia hapa, tukione!"

Akafukua kwa mkono mmoja uliobaki mzima, damu ikidondokea udongo, tangu mwanzo wa mstari hadi mwisho. Hapakuwa na hirizi. Hapakuwa na nywele. Hapakuwa na hata punje moja.

Bibi Ikupa mwenyewe alishangaa. "Ziko wapi?" aliuliza. "Mbegu za mtoto ziko wapi?"

"Anatuuliza sisi!" alisema mtu. "Ameshaila roho yake, sasa anatucheka!"

Panga likashuka. Watoto walikimbilia bondeni wakilia. Wengine walichukua moto jikoni kwake wakauegesha kwenye majani ya paa, na nyumba ikaungua mchana kweupe, kuku wakiwa ndani.

Juliana, aliyekuwa amewafuata, hakungoja. Alikimbia mpaka kwake, akasukuma mlango, akasimama.

Crispin alikuwa macho. Degedege lilikuwa limemwachia. Alikuwa amelegea kama nguo iliyolowa, lakini anapumua, na alipomwona mama yake aliomba maji.

Juliana alipiga magoti sakafuni. Basi ni kweli, alijiambia, ni kweli yote waliyosema mtoni. Mchawi amekufa, mtoto amefunguliwa. Akalia kwa furaha, akalibusu paji la uso la mwanawe.

Rozalia akaingia kutoka jikoni, bakuli la uji mkono mmoja, mkono mwingine umefumbwa. Akaufumbua mbele ya mama yake. Ndani mlikuwa na punje chache nyekundu.

"Mama, dawa ya Bibi imebaki kidogo. Nimpe zote leo, au nikamwombe nyingine?"

Wazazi wenzangu, epukeni haya:

Kubeba maneno ya mtoni.

Kumpiga mtu aliye katikati ya kujibu.

Kumwachia mtoto mbegu zilizopakwa, hata kiganja kimoja.

Kuiita sumu dawa.