Kopo la Wanawake Wote

Katika nyumba ile ya kupanga, kopo la maziwa ya unga lilikuwa mali ya wanawake wote. Aliyebakiza vidonge alivitia humo, na aliyeugua sehemu asizopenda kuzitaja alichota bila kuulizwa. Safari hii lilikuwa chumbani kwa Hidaya.

Tausi, bi harusi wa chumba cha uani, alimkuta ameketi kitandani, bado amevaa baibui, ametoka hospitali muda si mrefu.

"Dada Hidaya, niazime kopo. Nawashwa, na uchafu unanitoka."

"Umemwambia mumeo?"

"Naanzaje, dada? Nipe zile za rangi mbili. Si ndizo ulizomeza wewe ukapona?"

Ndizo. Muwasho ulipokoma aliacha kumeza, akarudisha zilizobaki koponi, akawasifia wenzake dawa. Leo daktari amemwambia kwamba ugonjwa haukupona. Ulijificha tu, ukapanda taratibu hadi ukaziba mirija ya uzazi. Ndiyo maana miaka yote hii hashiki mimba.

Tausi alinyoosha mkono. Hidaya akaliwahi kopo, akalibana kwapani.

"Vaa viatu. Twende hospitali, na mumeo tutampitia kazini."

"Dada, aibu!"

"Aibu nitaibeba mimi. Twende."

Wakatoka wameshikana mikono. Barabarani Tausi akauliza tena, kwa sauti ndogo, "Lakini wewe si ulipona?"

Hidaya akaongeza mwendo. Kila alipopiga hatua, vidonge vilicheza ndani ya kopo kama kichezeo cha mtoto mchanga.