Jina Lililotoka Kwenye Simu

Simu ilijibu vizuri: dawa ya macho ya mama, tone moja asubuhi, tone moja jioni. Ila mwishoni iliongeza kitu kidogo.

"Karibu tena, Butoyi."

Msichana aliyeishika aliilaza kifudifudi pajani, upesi.

Mama yake, Marie-Goreth, alikuwa akimenya mihogo kwa kupapasa. Kisu kikasimama. "Nani ametaja ile jina?"

"Ni simu, Mama," alicheka Dany, fundi wa simu wa sokoni, mjini Baraka. "Huyu Bukuru ameandika mambo zaidi ya mia sita mule ndani, akiyatafuta hayapate tena. Nimeiunganisha na akili bandia, ikuwe inamusomea na kumujibu. Sasa iko na mudomo kumupita yeye!"

Hakuna aliyecheka naye.

Bukuru na Butoyi: ndivyo Warundi wanavyowaita mapacha, wa kwanza na wa pili. Hawa walifanana hata mama yao, ambaye macho yalianza kumtupa mapema, aliwatambua kwa triko. Nyumba nzima ilikuwa na triko moja, sweta la sufu, nalo lilikuwa la Bukuru. Walikuwa na miaka tisa mtumbwi uliowavusha kutoka Burundi ulipopinduka ziwani karibu na Swima. Mama alipapasa ufukweni, akakuta sufu iliyolowa, akaikumbatia pamoja na mtoto aliyekuwa ndani yake. "Bukuru wangu! Asante Yezu, umeniachia Bukuru!"

Mtoto alikuwa akitapika maji. Hakujibu.

Butoyi hakuonekana, hata mwili. Miaka kumi na moja jina lake halikutajwa ndani ya nyumba ile.

"Iulize," mama alisema. "Ilipata wapi ile jina?"

Dany aliiuliza.

"Jina hilo liko chini ya kila andiko," simu ilijibu kwa utulivu. "Na kuna maneno yanayorudi mara arobaini na tatu: 'Amenijia tena. Ana baridi. Anaomba triko.'"

Kicheko kilimtoka Dany usoni. "Mi sijaongeza kitu, Mama. Inasoma tu ile mwenyewe ameandika."

"Bukuru." Mama aliweka kisu chini. "Miaka yote unamuandikia mudogo yako, unamuota, na hauniambie?"

Msichana aliinamisha kichwa. Tangu alipoachishwa shule darasa la nne, alichoshindwa kukisema alikiandika, na alichokiandika hakumwonyesha mtu.

Mama alifuta mikono kwenye kitenge. "Kosa ni yangu. Nilifurahi kubakiwa na mumoja, nikasahau kumulilia mwingine. Hatukukalia matanga, hatukumuombea misa. Atatulia namna gani?" Akageuza uso kule Dany alikokuwa. "Mutoto wangu, pitia kwa parokia. Andikisha misa ya Jumamosi. Jina ni Butoyi. Padri alisome mbele ya watu yote."

"Ndiyo, Mama."

"Na ile triko iko ndani ya sanduku, tutaizika. Apate joto, maskini. Kisha hatutamuita tena."

Dany alivaa kandambili zake, akavuka uwanja. Msichana alimtazama akienda. Dany alikuwa keshashika mlango wa ua aliposikia sauti nyuma yake, kubwa, sauti ambayo hakuwahi kuisikia katika nyumba ile.

"Dany, ngoja!"

Msichana alipiga magoti mbele ya mama yake. Aliushika mkono wake wenye harufu ya mihogo, akauweka kwenye shavu lake mwenyewe.

"Misa ikuwe ya Bukuru, Mama. Kwa mutumbwi nilisikia baridi, akanivalisha triko yake."