Ndoo ya Chande

Tangu uchaguzi, maji ya bomba la mtaa yalikuwa ya kubahatisha, kwa hiyo ndoo zilipangwa foleni tangu alfajiri. Bi Sikudhani aliweka mbili, ya mwanawe Chande mbele kabisa, chini ya bomba, yake nyuma.

"Kura tumepiga, maji hakuna!" alifoka jirani yake, Mama Nasra. "Enzi za yule jenerali yalitoka kila siku. Bora arudi tu."

Wanawake wakaitikia.

"Yalitoka, mwenzangu," alisema Bi Sikudhani. "Hata siku askari wake walipomchukua Chande hapa hapa foleni, asirudi tena. Ndoo yake ilijaa, ikafurika. Hakuna aliyethubutu kufunga bomba."

Ghafla bomba likakohoa, likatema kutu, kisha maji. Ndoo ya Chande ikajaa mpaka ukingoni. Wanawake wote wakabaki wanalitazama bomba, hakuna aliyenyoosha mkono kulifunga.